Living in Bondage: Muvi ya Kanda Iliyoanika Bei ya Doo ya Haraka

Mtaani msee akiomoka ghafla, lazima mtu aseme ameingia chama. Hiyo stori Wanigeria waliipiga picha kitambo. Living in Bondage ilitoka 1992 kwa Kiigbo, na wengi huihesabu kama mwanzo wa Nollywood tunayoijua.

Doo ya sinema hakukuwa. Kenneth Nnebue alikuwa mfanyabiashara, na inasemekana alikuwa na mzigo wa kanda tupu za VHS, akaona zitauzika haraka zikiwa na kitu ndani. Aliandika na Okechukwu Ogunjiofor, Chris Obi Rapu akaongoza. Walirekodi kwa kamera ya video, kanda zikaenda sokoni moja kwa moja.

Andy Okeke (Kenneth Okonkwo) yuko Lagos, amesota, na mabeshte wanampita na ndai kali. Paulo, beste wa zamani, anampeleka kwa chama cha siri. Utajiri upo, ila kafara ni mtu unayempenda zaidi. Kwa Andy huyo ni Merit, bibi aliyesimama naye akiwa hana kitu.

Hapo ndipo muvi inauma. Kwenye hadithi ya Faust, ile ya Wajerumani, jamaa anauza roho yake mwenyewe. Andy analipa na maisha ya mtu ambaye hata hakuulizwa. Na ati kwanza anajaribu kuwachezea shere: anawapelekea kahaba, Tina, akidai ndiye mkewe. Tina anaita jina la Yesu, mpango unaharibika. Baadaye Merit anaenda kweli.

Mkwanja unaingia, na dem mpya pia. Kumbe Merit hajaondoka, anaanza kumtokea. Usitarajie madoido ya kompyuta hapa.

(Kama hutaki kujua mwisho, ruka hii.) Kwenye sehemu ya pili, 1993, Andy amekuwa chizi wa kuokota chakula jalalani. Anayemuokota yeye ni Tina, yule yule aliyetaka kumtoa kafara, sasa ameokoka.

2019 Ramsey Nouah aliongoza mwendelezo, Breaking Free, kuhusu Nnamdi, mtoto wa Andy. Picha ni safi, magari ni ya bei. Lakini mimi ile ya kanda ndiyo inanitisha zaidi, juu sebule yenyewe inakaa kama ya kwenu.