Kigango Hiki Ni cha Boma Gani? Historia ya Kufuatilia Umiliki wa Vitu vya Makumbusho

Kitu cha kale kinapoingia katika jumba la makumbusho huandikiwa mstari wake katika daftari la mapokezi: namba, tarehe, maelezo mafupi na jina la aliyekileta. Kwa zaidi ya karne moja mstari huo ulihesabiwa kuwa unatosha. Muuzaji alijulikana, bei ilijulikana, na jumba likawa mmiliki. Muuzaji alikipata wapi, na nani alikuwa nacho kabla yake, yalikuwa maswali yaliyoulizwa kwa nadra, tena mara nyingi kwa sababu zisizohusu haki. Madalali wa Ulaya walikuwa na mazoea ya kutaja wamiliki wa zamani katika orodha za mnada ili kuwahakikishia wanunuzi kwamba kazi si ya kughushi, na ili kuipandisha bei. Sanamu iliyowahi kukaa katika kasri la mfalme iliuzwa ghali kuliko iliyotoka kwa mtu asiye na jina. Kuuliza kama kitu kilitoka kwa mwenyewe kwa ridhaa yake ni desturi changa, na majumba mengi makubwa yaliikubali baada ya kusukumwa.

Msukumo wa kwanza ulitokea Amerika ya Kati. Mwaka 1969 mtaalamu wa sanaa Clemency Coggins alichapisha makala iliyoonyesha jinsi mawe ya kuchongwa ya Wamaya yalivyokuwa yakikatwa vipande msituni na kuuzwa Marekani, na baadhi ya vipande hivyo akavitaja vilipo, ndani ya makumbusho yanayoheshimika. Tarehe 1 Aprili 1970 makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania yalitangaza kwamba hayatanunua tena kitu cha kale kisicho na maelezo ya kilikotoka. Novemba 14 mwaka huohuo UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia usafirishaji haramu wa mali za kitamaduni. Tanzania ilijiunga mwaka 1977. Marekani, soko kubwa kuliko yote, ilingoja hadi 1983. Mkataba haukurudi nyuma kugusa yaliyotendeka kabla yake. Kwa sababu hiyo mwaka 1970 ukawa mpaka: kitu kilichothibitishwa kwamba kilikuwa nje ya nchi yake kabla ya hapo kilionekana salama, na kisichothibitishwa kikatiliwa shaka. Mpaka huo unasaidia kazi ya ukaguzi, lakini hauna faraja kwa jamii ambazo mali zao zilichukuliwa wakati wa ukoloni, kwa kuwa hasara yao yote iko upande ule usioulizwa.

Mkataba haukubadilisha tabia mara moja. Mwaka 1972 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalilipa dola milioni 1 kwa chungu kikubwa cha Kigiriki cha kuchanganyia divai na maji, kilichofinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios yapata mwaka 515 kabla ya Kristo. Juu yake Usingizi na Mauti wanambeba Sarpedon, shujaa aliyeuawa katika vita vya Troia, damu ikimtoka. Hadi wakati huo hakuna chombo cha Kigiriki kilichokuwa kimenunuliwa kwa bei hiyo. Muuzaji, Robert Hecht, alieleza kwamba chungu kilikuwa mali ya mfanyabiashara wa Beirut, Dikran Sarrafian, ambaye familia yake ilikuwa nacho tangu 1920. Barua zililetwa kuthibitisha hayo, na jumba likaridhika.

Nchini Italia watu waliokuwa wakichimba makaburi usiku waliijua hadithi nyingine. Chungu kilikuwa kimefukuliwa mwishoni mwa 1971 katika kaburi la Waetruski karibu na mji wa Cerveteri, miezi michache tu kabla ya kuuzwa. Fununu ziliandikwa magazetini mapema, ila ushahidi ulichelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1995 polisi waliingia katika ghala la dalali Giacomo Medici kwenye bandari huru ya Geneva. Ndani walikuta maelfu ya picha. Nyingi zilipigwa kwa kamera za papo kwa papo, aina ambayo haikuhitaji duka la kusafishia na kwa hiyo haikuacha shahidi. Zilionyesha vyombo vikiwa bado na udongo, kisha vikiunganishwa vipande, kisha vikiwa vimesafishwa tayari kwa mteja. Wachunguzi walichukua picha hizo na kuzilinganisha na vitabu vya makumbusho, kabati kwa kabati. Medici alihukumiwa mwaka 2004. Februari 2006 Metropolitan ilitia saini makubaliano na Italia ya kurudisha vitu 21, na Januari 2008 chungu cha Sarpedon kilifika Roma. Siku hizi kinaonyeshwa Cerveteri kwenyewe. Mwaka 2008 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Marekani kiliwataka wanachama wake wautumie mwaka 1970 kama kigezo cha ununuzi.

Baada ya hapo utafiti wa umiliki ukawa kazi yenye watu wake. Nguvu nyingine ilitoka katika madai ya familia za Kiyahudi zilizonyang'anywa picha na Wanazi. Kanuni zilizokubaliwa Washington mwaka 1998 na nchi zaidi ya arobaini ziliyafundisha makumbusho kusoma hati zake upya. Mtafiti hukigeuza kitu na kuangalia mgongoni: lebo ya mnada, namba iliyoandikwa kwa wino, muhuri wa forodha, alama ya karakana ya fremu. Husoma barua za mhifadhi aliyekinunua, hati za meli, bima, vibali vya kusafirisha nje na picha za wachimbaji wa kitaalamu. Kisha hupanga mlolongo wa majina na miaka, na kila pengo lina maana yake.

Karatasi nazo hudanganya. Mwaka 2017 Metropolitan hiyohiyo ilinunua kwa euro milioni 3.5 jeneza lililopambwa kwa dhahabu la Nedjemankh, kuhani wa Misri wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Liliambatana na kibali cha kutoka Misri cha Mei 1971. Muhuri wa kibali hicho ulitaja Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, wakati mwezi Mei wa mwaka ule nchi ilikuwa bado ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Jina lilibadilika Septemba. Jeneza lilikuwa limeibwa mkoani Minya katika ghasia za 2011. Lilirudishwa Misri mwaka 2019. Kosa la muhuri lingeweza kuonekana na mtu yeyote aliyekaa na hati hiyo kwa utulivu na kitabu cha historia pembeni, na ni vigumu kuamini kwamba jumba lenye maktaba kubwa vile lilikosa vyote viwili. Kilichokosekana ni nia ya kutafuta jibu ambalo lingezuia ununuzi.

Katika kesi za Italia na Misri mdai alikuwa serikali yenye polisi, wanasheria na sheria za kale za kulinda makaburi. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya havikuwa na walinzi wa namna hiyo, na ndiyo maana historia yake inaonyesha vizuri zaidi kile ambacho daftari la mapokezi huacha nje.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, wakati mwingine ndefu kuliko mtu, yenye kichwa cha mviringo au bapa na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu nyingi ndogo na kutiwa rangi. Huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, hasa miongoni mwa Wagiriama. Marehemu huwatokea jamaa zake katika ndoto, au maradhi na mikosi huingia bomani, na mganga akieleza kwamba mzee anadai nguzo yake, familia humwita fundi. Kigango kikishasimikwa ndicho makao ya koma, roho ya mzazi huyo. Humiminiwa tembo la mnazi na kupewa chakula, na habari za nyumbani huelezwa mbele yake. Hakihamishwi. Familia ikihamia shamba jingine, kigango hubaki pale kiliposimikwa mpaka mvua na mchwa wakimalize. Kuoza huko ni sehemu ya desturi. Hakumaanishi kwamba kimetelekezwa.

Wanunuzi walichagua kuelewa kinyume. Kuanzia miaka ya 1970, utalii uliposhamiri pwani, vigango vilianza kuonekana katika maduka ya vinyago na kisha katika majumba ya sanaa ya Marekani, ambako viliuzwa kwa maelfu ya dola. Wauzaji walidai kwamba nguzo iliyoachwa kwenye boma tupu haina tena nguvu wala mwenyewe. Walioziiba hasa walikuwa vijana wa vijiji vilevile, waliolipwa fedha kidogo katika miaka ya ukame na ukosefu wa kazi. Huko Marekani kodi nayo iliongeza mwendo: anayetoa zawadi kwa makumbusho anaruhusiwa kupunguziwa kodi kwa thamani ya kitu alichotoa, na hivyo mkusanyaji aliweza kununua, kusubiri, kisha kutoa. Vigango vingi viliingia makumbusho kwa njia hiyo, na daftari likaandika jina la mtoaji na mwaka wa zawadi.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy, akifanya utafiti katika eneo la Kaloleni, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Aliporudi kumpelekea picha yake, vigango vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba msaada wa kuvitafuta. Miaka kumi na minne ilipita. Katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika mwaka 1999, Udvardy alitazama slaidi za mwenzake Linda Giles, zilizoonyesha mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Illinois State, na katika moja akakitambua kigango kimoja kati ya vile viwili. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Uchunguzi wa wanawake hao wawili, wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ulibaini vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani, na 99 kati yake vilikuwa Hampton.

Vigango vile viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007, na sherehe ya mapokezi ikafanyika nyumbani. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Familia yake ilieleza misiba na mavuno mabaya yaliyowapata tangu wizi ule, na haikuwa na shaka juu ya chanzo chake.

Marejesho yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Makumbusho ya Denver, yaliyopokea vigango 30 mwaka 1990 kutoka kwa watu wa sinema wa Hollywood, yaliamua kuvirudisha ingawa hapakuwa na sheria ya kuyalazimisha. Sheria ya Marekani ya 1990 inayorudisha mabaki na vitu vitakatifu inawahusu wenyeji wa Marekani peke yao. Wahifadhi wa Denver walikwisha kuzoea kukabidhi vitu vitakatifu kwa jamii hizo, na hawakuona sababu ya kuwatendea Wamijikenda tofauti. Safari ilicheleweshwa kwa miaka na masuala ya gharama na ushuru, hata nguzo zikafika Nairobi mwaka 2019. Makumbusho ya Jimbo la Illinois nayo baadaye yalirudisha 37.

Lakini kurudi Kenya na kurudi bomani si jambo moja. Vile viwili vya Kaloleni vilifika kwa wenyewe kwa sababu kulikuwa na picha, mahali, mwaka na jina la familia. Vingine vingi havina hata moja ya hayo. Kumbukumbu zake huanza Los Angeles au New York, kwa mnunuzi wa mwisho au wa kabla yake, na kurudi nyuma mpaka kwa dalali. Hapo mstari unakatika. Jina la marehemu, ukoo wake, kijiji, na mtu aliyeamka na ndoto yake havikuandikwa na yeyote, kwa kuwa kila mkono uliokishika kigango baada ya wizi ulifaidika kwa kutojua. Hivyo nguzo hukabidhiwa Makumbusho ya Taifa, nazo huhifadhiwa ghalani, mahali ambapo kwa desturi kigango hakitakiwi kuwapo. Wazee wa pwani wamekuwa na mijadala juu ya la kufanya: kama zisimikwe mahali pa pamoja, au zibaki chini ya ulinzi hadi ukoo ujitokeze. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 imeipa serikali nguvu ya kulinda zilizobaki, na hilo ni muhimu, ila haiwezi kuandika upya majina yaliyopotea.

Kazi ya kufuatilia umiliki sasa inafanywa pia kutoka upande wa waliopoteza. Kati ya 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na kundi la wasanii wa Nairobi The Nest Collective na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, yalikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo na kufikisha zaidi ya 32,000. Orodha kama hiyo huanza na kile majumba ya nje yanachojua, yaani namba na mtoaji. Nusu ya pili ya kila mstari inabaki kwa watu wa nyumbani. Wapokomo wa Mto Tana, kwa mfano, hawakuhitaji hati kumtambua mwenye ngadji, ngoma yao kuu iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na iliyo katika ghala la British Museum. Wazee wanajua ilikaa wapi, nani alikuwa na haki ya kuipiga na ililia siku gani. Maelezo ya namna hiyo yakiandikwa kwa sauti ya wenyewe wangali hai, yanaingia katika faili pamoja na risiti na barua, na mtafiti anaweza kuyapima kama anavyopima ushahidi mwingine wowote.