Kufuta Madeni kwa Barua Pepe

Miaka ya 1980 iliziachia nchi nyingi za Afrika madeni yasiyolipika. Bei za kahawa, katani, pamba na shaba zilianguka, riba ikapanda, na serikali zikajikuta zinakopa ili zilipe mikopo ya zamani. Mwalimu Julius Nyerere aliuliza hadharani kama ni haki watoto wafe njaa ili madeni yalipwe. Wakopeshaji walikuwa na jibu lile lile: dawa ya deni kulipa. Ilipofika mwaka 1996, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilianzisha mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, HIPC, lakini masharti yake yalikuwa mazito na unafuu ulikuja kwa kuchelewa mno.

Msukumo wa kwenda mbali zaidi ulitoka nje ya serikali. Nchini Uingereza, Martin Dent, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, balozi mstaafu, walichukua wazo la yubile katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, yaani mwaka wa hamsini ambao watumwa huachwa huru na ardhi hurudishwa kwa wenyewe. Walitaka madeni ya nchi maskini yafutwe ifikapo mwaka 2000. Kampeni yao, Jubilee 2000, ilibebwa na makanisa, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya misaada. Mwezi Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuizunguka katikati ya jiji la Birmingham wakati viongozi wa G8, kundi la nchi nane zenye nguvu kiuchumi, walipokutana humo.

Saini za Jubilee 2000 zilikusanywa zaidi kwa karatasi, na zilifika milioni 24 hivi. Barua pepe ilifanya kazi isiyoonekana barabarani: kuziunganisha kamati za nchi nyingi na kusambaza takwimu za madeni kwa siku moja badala ya majuma. Nguvu ya njia hiyo ilikuwa imeshaonekana. Mwaka 1997 rasimu ya mkataba wa uwekezaji wa nchi za OECD, shirika la nchi tajiri, ilivuja ikawekwa kwenye intaneti, na mwaka uliofuata mazungumzo yakavunjika, ingawa ugomvi wa serikali zenyewe ulichangia pia.

Mwezi Juni 1999, katika mkutano wa Köln, Ujerumani, nchi tajiri zilikubali kuupanua mpango wa HIPC. Uganda, iliyokuwa ya kwanza kunufaika tangu 1998, iliongezewa unafuu. Tanzania ilimaliza masharti yake Novemba 2001, mwaka ule ule ilipofuta ada ya shule za msingi, na wanafunzi wakafurika madarasani kuliko madawati yaliyokuwepo. Kenya haikuingizwa. Wakopeshaji walihesabu kwamba deni lake lilikuwa linabebeka, hukumu ambayo wanaharakati wa Nairobi hawakuacha kuipinga.

Kampeni ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na ndiyo iliyoitwa kwa haki kampeni ya mtandaoni. Mwito wa Kimataifa wa Kupambana na Umaskini, GCAP, ulizinduliwa Porto Alegre, Brazil, Januari 2005. Tawi lake la Uingereza, Make Poverty History, lilikusanya zaidi ya mashirika 500 chini ya alama moja, ukanda mweupe wa mkononi. Nelson Mandela alilihutubia kusanyiko lake katika uwanja wa Trafalgar mwezi Februari. Tovuti yake ilimwezesha mtu kumwandikia waziri mkuu kwa kubonyeza mara chache, na tovuti nyingine zikaubandika ukanda huo kwenye kurasa zao. Julai 2, matamasha ya Live 8 yalifuatiliwa katika nchi nyingi, na zaidi ya watu milioni 26 walituma ujumbe mfupi wa simu kuunga mkono madai ya kufuta madeni, kuongeza misaada na kuleta biashara ya haki. Wanamuziki wengi wa Afrika, bara lililokuwa likizungumziwa, walipangiwa tamasha la pembeni huko Cornwall.

Upungufu huo wa sauti za Waafrika ulikuwa na sababu ya kiufundi pia. Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini hadi 2009, na intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali hata ofisini. Simu ya mkononi ndiyo iliyofika kwa watu. Shirika la Fahamu, lililoanzishwa na Mkenya Firoze Manji na kuchapisha jarida la mtandaoni la Pambazuka, lilitumia ujumbe wa simu mwaka 2004 kudai nchi ziridhie itifaki ya Afrika ya haki za wanawake. Waliotuma walikuwa mamia tu, lakini walikuwa Waafrika wakizidai serikali zao. Itifaki ilianza kutumika Novemba 2005.

Mkutano wa G8 wa Gleneagles, Uskoti, Julai 2005, ulithibitisha kufutwa kwa madeni ya nchi 18 kwa kuanzia, thamani yake dola bilioni 40. Mapema 2006 IMF ilifuta sehemu yake kwa nchi 19, zikiwemo Tanzania, Uganda na Rwanda. Ahadi nyingine zilikuwa na mwisho tofauti. Afrika iliahidiwa nyongeza ya misaada ya dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, na OECD ikakadiria kwamba ingepata takriban bilioni 11. Mazungumzo ya Doha kuhusu biashara ya kimataifa yalisimamishwa Julai 2006. Deni lilikuwa na mwenyewe, kiasi na daftari la kulifutia, ndiyo maana dai hilo lilishinda. Biashara ya haki haikuwa na daftari la namna hiyo.

Make Poverty History ilivunjwa mwaka 2006. GCAP iliendelea kuwahesabu watu waliosimama pamoja kupinga umaskini kila Oktoba, hadi milioni 173 mwaka 2009, idadi kubwa isiyokuwa na dai moja mahususi nyuma yake. Nchi zilizosamehewa zilirudi kukopa, sasa kwa China na katika masoko ya hatifungani, ambako wenye kudai ni maelfu ya wawekezaji wasio na waziri wa kuandikiwa. Zambia, iliyosamehewa mwaka 2006, ilishindwa kulipa hatifungani yake Novemba 2020.