Chombo Hufia Nchi Kavu



Leo Bwana Shamba wako hakuja na habari za mbegu wala mbolea. Amekuja na habari za mtumbwi. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Sisi watu wa Morogoro, ya vyombo vya majini yanatuhusu nini?" Subirini kidogo. Wewe unayelima mpunga katika bonde la Kilombero, wewe unayevuka Ruvu kwenda shamba la ng'ambo, na wewe unayevua samaki katika bwawa la Mindu baada ya kuweka jembe chini, mtumbwi kwako ni chombo cha kazi sawa na jembe na panga. Na hata wewe uliye juu Uluguru, ambaye hujapata kushika kasia maisha yako yote, kabla hatujamaliza utaona kuwa na wewe umo.

Nianze na kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilivuka mto katika mtumbwi uliopakia magunia ya mpunga. Tulipofika katikati, maji yakaanza kuingia chini ya magunia. Mwenye mtumbwi akawa anachota kwa kopo huku mwenzake akipiga kasia kwa nguvu. Tulifika ng'ambo salama, lakini magunia matatu ya chini yalikuwa yamelowa chapachapa. Mpunga ule ndio uliokuwa ada ya shule ya watoto wake.

Tukaupindua mtumbwi. Tulitafuta tundu ubavuni, hatukuliona. Mzee mmoja, fundi wa kuchonga mitumbwi, akaja akapitisha kiganja chini ya omo, pale mbele panapogusa ukingo kwanza. Pamelika, pamekuwa pembamba, na ufa umepita katikati. Akamwambia yule kijana, "Mwanangu, mto haukuutoboa mtumbwi huu. Umeutoboa wewe mwenyewe, kila jioni ulipouburuta."

Neno hilo nimelichukua, na ndilo ninalokuletea leo. Chombo kidogo huishi majini, lakini hufia nchi kavu. Maji huja kumaliza tu kazi ambayo mchanga, mawe na jua vimekwisha kuianza. Ukiitazama historia ya vyombo vyetu utaona kuwa wazee walilijua jambo hili zamani sana, na kila kizazi kililitafutia dawa yake.

Tuanze na mtumbwi wenyewe. Wandamba wa bonde la Kilombero wanajulikana tangu zamani kwa mambo matatu: uvuvi, mpunga na mitumbwi. Bonde lile hufurika kila masika, na kabla ya barabara na kabla ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, mzigo mwingi ulisafiri kwa kasia. Hata mtu wa kuvuka mto karibu na Ifakara alitegemea mtumbwi au kivuko mpaka lilipojengwa daraja kubwa la Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018.

Mtumbwi hauna mkuku, yaani ule mti mrefu unaopita chini ya mashua kama uti wa mgongo. Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa. Kwa hiyo fundi mwenye akili huweka ulinzi humo humo ndani ya gogo. Mbavu huzichonga nyembamba ili chombo kiwe chepesi, lakini chini na kwenye ncha mbili huacha mti mnene. Kwa nini? Kwanza, chini na omo ndiyo sehemu zinazogusa ardhi. Pili, gogo hukauka upesi zaidi kwenye ncha zake kuliko ubavuni, na panapokauka upesi ndipo panapopasuka. Ule unene wa ncha si uvivu wa fundi, ndugu yangu. Ni akiba.

Sasa tushuke na mto mpaka pwani, maana huko dawa ya pili ilipatikana. Mwandishi mmoja wa lugha ya Kigiriki aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1. Humo anataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na anasema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Anataja pia mitumbwi ya gogo moja ya kuvulia samaki na kasa. Vyombo vya kushonwa havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa na kufungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mtepe wa Lamu ulikuwa wa namna hiyo, na uliendelea kuonekana baharini mpaka miaka ya 1930.

Utauliza, kushona mashua kama kushona kanzu kuna faida gani? Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza jambo hilo vizuri. Chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa hulegea kidogo, kikapokea pigo, kisipasuke. Basi watu wale walikuwa wamefikiria siku ya kugonga kabla haijafika. Ila kila dawa ina gharama yake. Mtepe ulivuja sana, na mabaharia wake walikuwa na kazi ya kufua maji mchana na usiku.

Baadaye msumari ukashinda. Katika mashua na jahazi fundi hulaza mkuku kwanza, kisha husimamisha mti wa omo mbele na wa tezi nyuma, ndipo mbao zifuate. Penye maungio hutia kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo. Juu ya mbao hupaka sifa, mafuta ya maini ya papa. Chini, sehemu inayokaa majini, hupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Kabla ya kupaka, chombo huegeshwa maji yakipwa, kikababuliwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Na wapo mafundi wanaopigilia ubao wa ziada chini ya mkuku. Ubao huo kazi yake ni kuchakaa. Ukiisha, hubanduliwa na kuwekwa mwingine, na mkuku wenyewe hubaki mzima.

Hata mataifa makubwa yalihangaika na jambo hilo hilo. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika tumbo la manowari HMS Alarm kwa mabati ya shaba ili kuzuia wadudu hao. Lilipokaguliwa mwaka 1763 ilionekana kuwa wadudu wameshindwa, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba imelika vibaya. Mahali ambapo karatasi ilikuwa imebaki kati ya shaba na chuma, chuma kilikuwa kizima. Unaona? Kiraka kibaya kinaweza kula chombo kuliko adui mwenyewe. Usichanganye bati la namna moja na misumari ya namna nyingine bila kufikiri.

Haya, turudi nyumbani, nikutimizie ahadi wewe wa mlimani. Mto Ruvu unatoka Uluguru. Mgeta na Ngerengere inaingia humo. Mvua ikipiga shamba lililolimwa kwenye mteremko bila kinga, udongo unashuka. Ule mzito, yaani mchanga na changarawe, hutua mtoni na kufanya mafungu pale palipokuwa na kina. Mtumbwi ukipita juu yake unasuguliwa chini kama ubao unavyosuguliwa kwa msasa. Bwawa la Mindu, lililokamilika katika miaka ya 1980 ili kuupa mji wa Morogoro maji, limekuwa likipungua kina kwa tope la namna hiyo hiyo. Basi shamba lako la juu na tako la mtumbwi wa mwenzako wa chini vimefungwa kamba moja.

Na historia ya mlima ule inatufundisha jambo jingine juu ya kulinda. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa ya amri, ilikula siku nyingi za watu, na mahali pengi matuta yale yalileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Sisi mabwana shamba tusisahau somo hilo. Kinga inayodumu ni ile ambayo mwenyewe anaijua sababu yake. Hakuna aliyemlazimisha fundi wa Kilombero kuacha ncha za mtumbwi nene. Aliona kwa macho yake zile nyembamba zikipasuka.

Ndiyo maana sikuletei amri leo. Nakuletea sababu, na kazi chache unazoweza kuanza kesho.

Kwanza, usiburute. Kata magogo manne ya mviringo, yakae ukingoni daima. Mtumbwi upite juu yake, gogo la nyuma likihamishiwa mbele. Na ukifika ukingoni usiupige omo kwenye mawe ili usimame. Punguza mwendo, mmoja ashuke, auvute taratibu.

Pili, uepushe na jua. Weka mtumbwi kivulini, na ncha zote mbili uzifunike kwa nyasi au magunia yaliyolowa. Kama hutautumia kwa muda mrefu wakati wa kiangazi, ni afadhali ukae ndani ya maji ya kina kifupi kuliko kukauka juani.

Tatu, kagua kila wiki. Upindue, pitisha kiganja chini ya omo na katikati ya tako lote. Mkono huona mapema kuliko jicho.

Nne, ukiona ufa, uzuie usiende mbele. Toboa tundu dogo pale unapoishia, kisha uzibe tundu kwa kigingi cha mti mkavu. Kikilowa kitavimba na kukaza. Ufa wenyewe usafishe, utie pamba yenye mafuta kwa kiasi. Sikiliza vizuri hapo: kwa kiasi. Ukishindilia mno, mti ukivimba majini, pamba yako itageuka kuwa kabari na kuupasua mtumbwi zaidi. Juu yake paka lami, kisha kiraka cha bati upande wa nje, kwa misumari mifupi isiyotokea ndani.

Tano, kama una mashua yenye mkuku, weka ule ubao wa kuchakaa. Tundu za misumari yake uzipake lami kabla ya kupigilia.

Na kopo la kuchotea maji lisiwe hata siku moja kopo la dawa ya wadudu. Chombo hicho kinabeba chakula.

Najua wapo watakaosema, "Mtumbwi ukiisha nitachonga mwingine." Utachonga kwa mti gani? Mvule na mkangazi mnene wa kutosha mtumbwi hauoti kwa miaka kumi, na siku hizi kuukata kunahitaji kibali cha misitu. Babu yako aliuona mti huo karibu na nyumba. Wewe unaufuata mbali, na mwanao huenda akausikia kwa jina tu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kila unapouburuta mtumbwi, umebandua kidogo.

Yule kijana wa magunia matatu nilimwona tena msimu uliofuata. Mtumbwi ulikuwa ule ule, una kiraka cha bati chini ya omo, umelala juu ya magogo yake chini ya mwembe. Nikamwuliza kama bado unavuja. Akajibu, "Kidogo tu, Bwana Shamba. Lakini magunia ya chini yanafika makavu."

Mpaka hapo, ndugu mkulima, nakutakia kazi njema. Jioni ya leo, kabla jua halijazama, nenda ukaupindue mtumbwi wako. Na wewe wa mlimani, kabla ya mvua, panda majani kwenye kingo za shamba lako. Kwa heri, tuonane katika kipindi kijacho.