Intaneti: tulianza kwa kusoma, sasa tunatuma

Siku hizi kila mtu anazungumzia akili bandia kana kwamba imedondoka jana kutoka mbinguni. Haikudondoka. Tuirudie historia kidogo, halafu tuulizane swali moja.

Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kutuma neno "login" kwa taasisi ya utafiti ya Stanford. Zikafika herufi mbili tu, "lo", mtambo ukagoma. Ndivyo safari ilivyoanza!

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN kule Uswisi, alipendekeza wavuti. Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia bure. Enzi hizo mtumiaji alikuwa msomaji: unafungua ukurasa, unasoma, basi.

Ikaja awamu ya pili, msomaji akawa mwandishi. Wikipedia ilianza 2001, Facebook 2004, YouTube 2005.

Awamu ya tatu ikahamia mfukoni. M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007 na kufika Tanzania 2008, haikuhitaji hata intaneti, lakini ilituzoesha kuiamini simu na fedha zetu. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ukatia nanga pwani yetu.

Novemba 2022 ikatoka ChatGPT. Badala ya orodha ya kurasa, unapewa jibu. Januari 2025 OpenAI wakatoa Operator, programu iliyofungua tovuti yenyewe, ikajaza fomu na kuagiza bidhaa. Hawa ndio wanaoitwa mawakala. Wakala humuulizi tu, unamtuma.

Sasa swali: wakala akiharibu, nani analipa?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kule Kanada, programu ya kujibu wateja ya Air Canada ilimweleza abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli baada ya safari. Haikuwa kweli. Shirika likajitetea kwamba programu ile inawajibika yenyewe! Februari 2024 baraza la usuluhishi likakataa hoja hiyo, likaamuru shirika limlipe abiria.

Kumbuka, programu ile ilikuwa inajibu maswali tu. Hawa wa leo wanashika kadi ya benki. Mjumbe hauawi, sawa, lakini hapo kuna watatu: aliyemtengeneza, aliyemweka kazini, na wewe uliyemtuma. Sheria zetu zinapaswa kusema mapema nani atalipa, kabla fedha za mtu hazijapotea.

Au wewe unaonaje?