Kivinjari kilivyozileta laptopu ndogo, kisha kikazizima

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba utaziona pembeni, zimewekwa chini ya zile kubwa: vilaptopu vya inchi tisa au kumi, plastiki nyeupe au buluu, kibodi kama ya mtoto. Bei yake ni ya kutupa. Muulize muuzaji kwa nini, atakujibu neno moja: "Zinaganda." Ukimbana zaidi atakwambia zinaganda ukifungua intaneti. Ajabu ni kwamba mashine hizi zilizaliwa kwa ajili ya intaneti. Hazikuwa na kazi nyingine kubwa.

Wapenzi wengi wa Linux huisimulia historia hii kama kesi ya wizi: Linux ilikuwa inashinda, Microsoft ikaja ikainyang'anya tonge mdomoni. Kuna ukweli humo, tutaufikia. Ila mimi naona mhusika mkuu si Linux wala Windows. Ni kivinjari, yaani Firefox na baadaye Chrome, kile chombo cha kuvinjari, cha kuzungukazunguka mtandaoni bila haraka.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto katika nchi maskini. Novemba mwaka huo, kwenye mkutano wa Tunis, aliionyesha akiwa na Kofi Annan, na mpini wa kuzungushia umeme ukavunjika mbele ya watu. Mashine iliyotoka mwishoni mwa 2007, XO-1, haikuwa na mpini huo, na bei yake haikushuka hadi dola 100. Ilikuwa na prosesa ya AMD Geode ya megahezi 433, RAM ya megabaiti 256 na hifadhi ya flashi ya gigabaiti moja. Ndani yake kulikuwa na Linux ya Fedora, na juu yake sura ya watoto iliyoitwa Sugar. Rwanda ni kati ya nchi zilizoupokea mradi huu kwa moyo wote. Ilisambaza zaidi ya laptopu 200,000 mashuleni. Ziweke akilini hizo XO, tutakutana nazo tena.

Mradi wa Negroponte uliwashtua wafanyabiashara. Kabla ya hapo, laptopu ndogo ilikuwa kitu cha wakubwa: ukitaka wepesi, unalipa zaidi. Sasa watu wakaanza kujiuliza, kama ya mtoto inawezekana, ya mtu mzima je? Juni 2007, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, Asus wakaonyesha Eee PC. Zile E tatu zilimaanisha rahisi kujifunza, rahisi kufanyia kazi, rahisi kuchezea. Ilipoingia sokoni baadaye mwaka huo, ile ya kwanza kupendwa, 701, ilikuwa na kioo cha inchi saba, RAM ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4 na uzito usiofika hata kilo moja. Mfumo endeshi ulikuwa Linux ya kampuni ya Xandros.

Kwa nini Linux? Bei, bila shaka, maana haikuwa na leseni ya kulipia kama Windows. Lakini sababu nyingine ni ya kiufundi zaidi: Windows iliyokuwa mpya wakati ule, Vista, isingeweza hata kuhema kwenye gigabaiti 4. Na sababu ya tatu, ambayo naona ndiyo kubwa, ni kwamba kufikia 2007 mtu wa kawaida alikuwa tayari anaishi ndani ya kivinjari. Barua pepe humo, video humo, marafiki humo. Washa Eee PC, uwanja wa kwanza unaokutana nao ni vitufe vikubwa, na kundi la kwanza kabisa limeandikwa Internet. Ukibonyeza, Firefox inafunguka. Mnunuzi hakuhitaji kujua kwamba chini yake kuna Linux.

Linganisha na miaka mitatu tu nyuma. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya chanzo huria iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi nzito, na orodha ya istilahi waliyoikusanya ilikuwa hatua kubwa kwa lugha yetu. Angalia walianza na nini: programu ya kuandikia na kupiga hesabu. Mwaka 2004 hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta. Miaka mitatu baadaye, Eee PC ilikuwa na OpenOffice pia, ila hakuna aliyeinunua kwa ajili hiyo.

Sasa tuingie ndani ya mashine, maana wahandisi wa Asus walifanya jambo la kijanja lililokuja kuwatesa wateja. Hifadhi ya gigabaiti 4 waliigawa vipande. Kipande kikubwa, zaidi ya nusu, kilikuwa na mfumo wote na hakiandikiki. Kipande cha pili kilikuwa cha mtumiaji. Kisha wakatumia mbinu iitwayo unionfs, inayovifunika vipande viwili vikaonekana kama kimoja. Fikiria karatasi iliyochapwa, juu yake umeweka plastiki angavu: unaandika juu ya plastiki, unasoma vyote kwa pamoja, lakini karatasi ya chini haiguswi. Ukiharibu kitu, unavuta plastiki, kompyuta inarudi ilivyotoka kiwandani. Safi sana.

Tatizo? Ukisasisha Firefox, toleo jipya linaandikwa kwenye plastiki, na la zamani linabaki chini likila nafasi yake kama kawaida. Ukifuta programu usiyoitaka, hupati hata baiti moja. Unachofanya ni kuandika alama kwenye plastiki kwamba "hii usiionyeshe". Kwa hiyo kila sasisho lilikuwa linapunguza nafasi yako, na kilichohitaji kusasishwa mara nyingi kuliko vyote ni kivinjari, kwa sababu ndicho kinachokutana na wahuni wa mtandaoni kila siku.

Kisha kulikuwa na vita ya urefu. Kioo cha 701 kilikuwa na pikseli 800 kwa 480, wakati tovuti nyingi zilitengenezwa kwa upana wa 1024. Ukisoma gazeti ulisogeza ukurasa kulia na kushoto kama unaosha kioo cha gari. Kwa wima hali ilikuwa mbaya zaidi: mstari wa jina la dirisha, mstari wa menyu, mstari wa anwani, mstari wa vichupo, na chini mstari wa hali. Habari yenyewe ikabaki na kijidirisha cha posta. Baadhi ya visanduku vilikuwa virefu kuliko kioo, kitufe cha OK kikawa chini kabisa, hukioni. Waliozijua hizi mashine wanakumbuka dawa yake: shika Alt, buruta dirisha juu.

Mapambano hayo ya pikseli yaliacha alama tunazoziona hadi leo. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilipandisha vichupo juu kabisa na kuutupa mstari wa menyu. Canonical, waliotengeneza toleo maalumu la Ubuntu kwa mashine hizi, wakahamishia vitufe vya programu upande wa kushoto ili wasipoteze wima. Huo ndio mwanzo wa Unity, iliyoanza na toleo la netibuku (ndilo jina ambalo laptopu hizi zilikuwa zimepewa) Oktoba 2010, kisha Aprili 2011 ikawekwa kwa watumiaji wote wa Ubuntu, wengine wakanuna kwa miaka. Ukiona Ubuntu leo ina nguzo ya vitufe kushoto, hiyo ni kumbukumbu ya kioo kidogo.

Na ule wizi je? Microsoft walikuwa wamepanga kuacha kuuza XP Juni 2008. Walipoona Eee PC inavyokimbia, Aprili mwaka huo walitangaza kwamba XP Home itaendelea kwa laptopu ndogo hadi 2010, kwa masharti ya ukubwa wa kioo na RAM. Kufikia Februari 2009, kwa takwimu walizozitangaza wenyewe kuhusu soko la Marekani, asilimia 96 ya netibuku zilikuwa zinauzwa na Windows. Mwaka mmoja tu! Oktoba 2008 afisa wa MSI alisema netibuku zao za Linux zinarudishwa dukani mara nne zaidi ya zile za Windows, na sentensi hiyo ikazunguka dunia nzima. Dell walisema kinyume mwaka uliofuata: kwao marejesho yalilingana.

Mimi nawaamini wote wawili. Asus waliweka Xandros, Acer wakaweka Linpus, MSI wakaweka SUSE, Dell wakaweka Ubuntu. Kila mmoja na sura yake na ghala lake la programu. Mteja akikwama, jirani mwenye "Linux" hakuweza kumsaidia maana Linux yake ilikuwa nyingine. Dell walichukua Ubuntu, yenye watumiaji wengi wa kuulizwa, na wakapona.

Huku kwetu kulikuwa na kikwazo cha ziada. Mashine iliyobuniwa kwa mtu aliyeunganishwa muda wote ilifika wakati intaneti yetu bado inapita kwa setilaiti. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Hata baada ya kebo, wengi waliingia mtandaoni kwa modemu ya USB. Modemu nyingi za aina hiyo zilikuwa na ujanja: ukiichomeka, inajitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na inageuka modemu baada tu ya programu hiyo kuiamuru. Kwenye Linux ilibaki CD. Dawa ilikuwa programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, na kuipata ulihitaji... intaneti. Kuku na yai. Ndiyo maana CD za Ubuntu zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta hadi 2011 zilithaminiwa sana, na mtu mwenye flashi iliyojaa vifurushi alikuwa mtu muhimu.

Lakini hebu tuseme Linux ingeshinda ile vita. Netibuku zingekuwa hai leo? Sidhani. Google waliichukua hoja ya Eee PC wakaisukuma hadi mwisho: Julai 2009 walitangaza Chrome OS, Linux ambayo sura yake yote ni kivinjari, na Juni 2011 Chromebook za kwanza zikaingia dukani. Kwa maana hiyo Linux ilirudi, ila hakuna anayeiita hivyo. Na injini ya JavaScript ndani ya Chrome, V8, inayogeuza msimbo wa ukurasa kuwa lugha ya prosesa papo hapo, iliruhusu tovuti ziache kuwa kurasa na kuwa programu kamili. Waandishi wa tovuti wakaitumia nafasi hiyo, na zaidi. HTTP Archive, wanaopima kurasa za mtandao, wanaonyesha kwamba mwishoni mwa 2010 ukurasa wa katikati ulikuwa chini ya kilobaiti 500. Kufikia 2024 umevuka megabaiti 2. Na hizo ni za kupakua tu; zikishafunguka ndani ya RAM zinavimba.

Ninayo netibuku moja yenye prosesa ya Atom na RAM ya gigabaiti moja. Nimeiwekea Debian na LXDE, na ikishawaka inatumia chini ya megabaiti 200. Nimeandikia humo sura mbili za tasnifu, betri mpya, hakuna feni ya kelele. Kwa kuandika ni mashine tamu mno. Nikifungua barua pepe ya kwenye kivinjari, basi, nenda kachemshe chai.

Tena kuna kejeli ya kisayansi hapa. Mwaka 2018, baada ya kugundulika udhaifu wa Spectre, Chrome ilianza kutenga kila tovuti katika mchakato wake, jambo linaloongeza matumizi ya RAM kwa takriban asilimia 10 au zaidi. Udhaifu ule unatokana na prosesa kukisia amri zijazo na kuzitekeleza kabla ya zamu. Atom za zamani hazina akili hiyo. Zinatekeleza amri kwa foleni, moja baada ya nyingine, kwa hiyo Spectre haiwahusu. Zinalipa faini ya kosa lisilo lao.

Zile XO za Rwanda? Prosesa ya Geode haina kundi la amri liitwalo SSE2. Chrome ilianza kulidai mwaka 2014, na Firefox ya Linux mwaka 2017. Baada ya hapo kivinjari kipya hakiwaki kabisa kwenye XO-1, hata ukiwa na subira ya Ayubu. Atom N270, iliyokuwa moyo wa netibuku nyingi, ina SSE2 lakini ni ya biti 32, na foleni yake nayo imefika: Chrome ya Linux iliacha biti 32 mwaka 2016, na mwaka 2025 Debian iliacha kutoa kisakinishi chake, huku Mozilla wakitangaza kwamba Firefox nayo inafunga mlango huo.

Vipo vivinjari vyepesi, kama Dillo na NetSurf. Dillo inafunguka kwenye Atom kabla hujatoa mkono kwenye kibodi, na Wikipedia inasomeka vizuri tu. Fomu ya maombi ya chuo, mkopo au ajira, ile inayojengwa yote kwa JavaScript, inatokea ukurasa mweupe.