Samaki Mwenye Mwenyewe: Vizimba vya Ziwa Victoria

Wanaosifu ufugaji wa samaki kwa vizimba huhesabu tani na shilingi. Historia ya Ziwa Victoria inaonyesha faida nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa: kizimba humpa samaki mwenyewe kabla hajavuliwa. Kwa zaidi ya karne moja samaki wa ziwa hili amekuwa mali ya aliyewahi, na karibu kila tiba ya uhaba ilizidisha mbio hizo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaleta soko; mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega za kitani, na samaki aitwaye ngege akavuliwa kwa kiasi ambacho migono na vizuizi vya mafunjo havikuwahi kukifikia. Haikuchukua muda nyavu zikaanza kutoka nyepesi. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Kanuni ikawekwa, ikakiukwa, hatimaye ikafutwa. Sishangai: aliyeitii alimwachia jirani samaki wake.

Miaka ya 1950 ziwa likaongezewa samaki wageni, sato na sangara. Sangara alipofurika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili, zilitoweka, viwanda vya minofu vikachipuka Mwanza, Kisumu na Jinja, na fedha ikaonekana mialoni. Kisha mbio zikarudi palepale: makokoro, nyavu za macho madogo, hata sumu, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ikazuia minofu ya ziwa hili. Doria na kuchoma nyavu havikumaliza tatizo. Sheria zilikuwapo; aliyekosekana ni mtu mwenye sababu ya kumwacha samaki mchanga akue.

Mfugaji wa kizimba anayo sababu hiyo. Amenunua vifaranga vya sato, analipia chakula kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zake, na akivua mapema hasara ni yake. Katikati ya muongo wa 2000 vizimba vilikuwa vya majaribio tu karibu na Jinja; kufikia mwaka 2016 upande wa Kenya pekee ulikuwa na zaidi ya 1,600, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya mkopo Mwanza. Vingi vimesimama mbele ya mialo ileile ya wavuvi.

Wapo wanaosema kizimba kinachafua maji, na ushahidi wanao. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa upande wa Kenya maji yalipopungukiwa oksijeni, katika ghuba ambazo tayari hupokea maji taka ya miji na mbolea ya mashamba. Lakini mfugaji ndiye wa kwanza kuumizwa na uchafu huo, jambo lisiloweza kusemwa juu ya mwenye kokoro. Hoja ya dagaa ni nzito zaidi: chakula kinachosagwa kutokana na dagaa kinagombania kitoweo cha maskini, na hapo jibu ni soya na mashudu, si ubishi. Na hoja ya mtaji siwezi kuipuuza. Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja hana dhamana ya benki. Vizimba vikibaki vya matajiri, umiliki niliousifu utakuwa umemfungia nje mtu aliyeishi kwa ziwa hili. Mikopo kwa vikundi vya mialoni inahitajika kwa sababu hiyo.

Kanuni ya Graham ilishindwa kwa kumtaka kila mvuvi ajinyime peke yake. Vizimba navyo vitashindwa iwapo kila mmoja ataongeza cha kwake katika ghuba ileile yenye maji haba. Kenya, Uganda na Tanzania zina taasisi ya pamoja ya uvuvi iliyoundwa mwaka 1994, makao yake Jinja. Kabla ya kugawa vizimba vingine, zipime kupitia taasisi hiyo kina na mkondo wa kila ghuba, ziweke kikomo cha vizimba, na kikomo hicho kibandikwe kwenye kila mwalo.