Shaba Isiyolala na Saa ya Mwili

Kuna neno ambalo tumezoea kulitamka bila kulipima kwanza: "Fulani ni mvivu, analala mchana kutwa." Katika mji kama Likasi, mkoani Haut-Katanga, neno hilo laweza kuwa dhuluma. Huenda huyo fulani alikesha kazini usiku kucha, na sasa yuko kitandani akiutafuta usingizi asiupate. Basi na tuitazame historia ya mji huu, tupate kujua jinsi usiku ulivyogeuzwa kuwa saa za kazi, na jinsi mwili wa mtu unavyolipokea jambo hilo.

Nchi ya Wasanga ilikuwa na mafundi wa shaba zamani sana, kabla ya reli na viwanda. Waliitwa wala shaba. Padre Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika Katanga mwaka 1910 na baadaye akawa askofu, aliandika habari zao mwaka 1926. Kazi ya machimbo ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukishavunwa na mvua ikishakoma, watu walikwenda kuchimba. Mvua ikirudi, walirudi mashambani. Shaba ilikuwa na majira yake, kama mtama ulivyo na majira yake.

Siku nayo ilipimwa kwa jua. Likasi iko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta. Hapo siku ndefu kuliko zote, mwezi wa Desemba, haiipiti siku fupi ya mwezi wa Juni ila kwa saa moja na robo hivi. Katika nchi za namna hii jua ni saa ya kutegemewa. Ndiyo sababu Waswahili wa pwani walianza hesabu ya saa zao kwenye mapambazuko, si katikati ya usiku ambapo hakuna alama yoyote ya kuonekana kwa macho.

Kisha ikaja kengele ya misioni. Wabenedikto walikuja na desturi iliyotoka katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa huko Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyo yaweka wakati wa kuamka, wa kusali, wa kazi ya mikono, wa kusoma, wa kula na wa kulala. Watu wengi hudhani kwamba kengele ya namna hiyo haijali kitu. Sivyo. Kanuni yaagiza kwamba wakati wa baridi, usiku ukiwa mrefu, watawa waamke saa ya nane ya usiku, ili wawe wamelala kupita nusu ya usiku na chakula kimekwisha kusagika tumboni. Wakati wa joto saa hubadilika. Na baada ya sala ya mwisho, hakuna ruhusa ya kuzungumza. Kwa hiyo kengele ilikuwa na amri, lakini yenyewe ililifuata jua, tena ilikumbuka tumbo na usingizi.

Kilichoondoa usiku ni umeme. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji wa Likasi ulikua kwa ajili ya viwanda vyake, na kwa muda mrefu uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme, na mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, kikaanza kuzalisha umeme.

Kazi yenyewe ni hivi. Mawe ya shaba husagwa, kisha huloweshwa katika asidi mpaka shaba iyeyuke. Maji hayo hutiwa katika mapipa makubwa, na umeme hupitishwa ndani yake. Shaba hujishika polepole juu ya bamba, siku baada ya siku. Umeme ukikatika, asidi huanza kuila tena shaba iliyokwisha kushika. Basi kiwanda cha namna hii hakiwezi kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Hakina budi kuwa na watu wa zamu, mchana na usiku. Shaba ileile iliyongoja kiangazi enzi za mababu, sasa haingoji hata kuche.

Je, mwili ulikubali? Jibu lilichukua miaka mingi kupatikana.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan alichukua mmea wa jamii ya kifauwongo, ambao hufumba majani yake usiku, akauweka gizani. Bila kuona jua, mmea uliendelea kufumbua na kufumba kwa saa zake. Mwaka 1938 mtaalamu Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliingia katika pango la Mammoth, huko Marekani, wakakaa siku 32. Walijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Kijana alifaulu kuizoea. Mwalimu wake, mwenye miaka zaidi ya 40, hakufaulu. Joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24, kana kwamba yuko juani. Hapo twajifunza kwamba miili haifanani. Anayeizoea zamu ya usiku asimcheke mwenzake anayeshindwa.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha, kwa kuchunguza vijinzi vya matunda, jinsi saa hii inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Kwa binadamu, saa kuu imo ndani ya ubongo, nayo hurekebishwa kila siku na mwanga uingiao machoni. Ndiyo inayopanga saa za usingizi, za joto la mwili na za kusaga chakula. Mtu akipingana nayo miaka mingi, hudhurika. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili miongoni mwa mambo ambayo yaelekea kusababisha saratani.

Lakini Likasi ilifundisha somo la pili pia. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines, kisha ikadhoofika. Mnamo miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines katika Katanga waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Mtu ambaye siku yake ilipangwa na kiwanda tangu ujana, sasa ilimpasa aipange mwenyewe: aamke saa ngapi, ale saa ngapi, atoke kwenda wapi. Ratiba ngumu huumiza, lakini siku isiyo na ratiba nayo humchosha mtu.

Basi tufanyeje? Mwenye uhuru wa kuchagua na alale na kuamka saa zilezile, hata siku ya mapumziko. Aone mwanga wa asubuhi. Asile chakula kizito usiku. Taa na simu azizime mapema. Mwenye zamu ya usiku na apewe chumba chenye giza, na watoto wafundishwe kunyamaza kwa ajili ya baba au mama aliyelala. Wapangaji wa zamu wajue kwamba kutoka asubuhi kwenda jioni, kisha usiku, ni rahisi kwa mwili kuliko kurudi nyuma.

Na sisi majirani, tukipita saa nne ya asubuhi mbele ya nyumba iliyofungwa madirisha, tusiulize ni mvivu gani analala humo. Tupunguze sauti, twende zetu.